Gari la Milima Kisiwani Pasipo na Mlima

Unguja haina mlima. Sehemu yake ya juu kabisa, kule kwenye msitu wa Masingini, haifiki hata mita 150 kutoka usawa wa bahari, na mtu anaweza kutoka Nungwi mpaka Makunduchi asibadilishe gia kwa ajili ya kilima hata mara moja. Akibadilisha, kabadilisha kwa ajili ya tuta, ng'ombe, au askari aliyenyoosha mkono. Hata hivyo, simama Darajani nusu saa uhesabu magari ya kupandia milima yanayopita: Escudo, Jimny, Samurai iliyokatwa paa, Land Cruiser ya mradi, Defender iliyostaafishwa na serikali ikaajiriwa na harusi. Na yote hayo hayaingii Mji Mkongwe wenyewe. Vichochoro vya Kiponda na Hurumzi vimejengwa kwa kipimo cha watu wawili wenye adabu wanaopishana, kwa hiyo gari lililoundwa kushinda miamba na mabonde linashindwa na kona ya kwanza baada ya msikiti. Mwenyewe analiegesha Malindi, anakwenda kwake kwa miguu, na Vespa ya jirani inampita njiani ikimpigia honi asogee.

Sina ugomvi na magari hayo, na wala sitaki kumwambia mtu anunue nini kwa fedha yake. Ugomvi wangu ni juu ya kitu kimoja kilichoko chini yake, ambacho wenye magari wengi hawajapata kukiona kwa macho, na mafundi wanakiita transfa. Ni boksi dogo la gia linalokaa nyuma ya giaboksi. Kwa Suzuki Samurai na kaka yake mkubwa SJ410, halikuungana hata na giaboksi: linaning'inia peke yake katikati ya gari na kupokea nguvu kwa shafti fupi. Kazi yake ni kuichukua nguvu ya injini na kuigawa mbele na nyuma, na kumpa dereva gia ya chini ya kujitolea matopeni. Likifa hutafutwa jingine, na vituko huanzia hapo, kwa sababu watu wengi hununua transfa kwa kuitazama sura. Hoja yangu, ambayo nitaitetea dhidi ya baraza lolote litakalonipinga, ni hii: hapa kwetu transfa haifi kwa kazi, hufa kwa kukaa bure na kwa maji ya chumvi. Kwa hiyo anayeibadilisha asitafute yenye nguvu zaidi, wala ya kisasa zaidi, wala iliyo karibu na mkono. Atafute ileile iliyotoka, jino kwa jino, halafu aitumie.

Kwanza, habari ya kukaa bure. Toyota, ambao hakuna anayewatuhumu kwa kutojua magari, wamekuwa wakiandika katika vitabu vya maelekezo ya Hilux na Land Cruiser kwamba mwenye gari la fowili ya kuingiza kwa mkono aliendeshe kwa magurudumu yote manne angalau kilomita 16 kila mwezi. Sababu yake si siri. Ukienda na magurudumu mawili, upande wa mbele wa mtambo unalala: shafti ya mbele haizunguki inavyopaswa, oili haifiki kila pahala, uma unaosogeza gia unakaa pale pale ulipoachwa. Mkono wa transfa usioguswa mwaka mzima hushika kutu katika vifundo vyake, na Land Rover wanaujua sana ugonjwa huu, maana mkono wa kufunga difu la kati katika Defender nyingi umekuwa pambo. Siku ya kuhitajika ndiyo siku ya kugoma. Dereva anavuta kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili, kisha anaegemeza mguu kwenye dashibodi, na abiria aliyekaa kimya tangu Kitogani anaanza kusoma dua.

Lakini kitabu hicho hicho kina katazo lake: fowili ya namna hii usiitumie kwenye lami kavu. Na hili nalo lina maana. Gari linapozunguka kipilefti cha Michenzani, magurudumu ya mbele hukata duara kubwa kuliko ya nyuma. Kwenye mchanga tairi huteleza kidogo na hesabu zikasawazishwa hapo hapo; kwenye lami tairi haitelezi, na ile tofauti yote inabanwa ndani ya transfa, kwenye cheni na beringi, mpaka mkono hauingii wala hautoki. (Dawa yake ya bure ni kurudi nyuma taratibu mita chache, mbano ukalegea, dawa ya kulipia ni nyundo.) Basi mwenye gari mtiifu wa Unguja ana mtihani wa ajabu. Anatakiwa kila mwezi apate kilomita 16 za njia mbovu, na serikali iko mbioni kumnyima, kwa sababu kila akigeuka barabara nyingine ya vijijini imeshatiwa lami. Watu wanashukuru kwa barabara, na wana haki ya kushukuru. Transfa tu ndiyo yenye malalamiko.

Papo mahali pa kumpeleka mnyama huyu kunyoosha miguu. Njia za mashambani kule Kizimbani na Dole, kati ya mikarafuu na michungwa, bado zina matope ya kutosha msimu wa masika. Bonde la Cheju lina kinamo ambacho kikishika tairi hakiachi bila ya mazungumzo. Upande wa mashariki kuna ardhi ya uwanda, mawe matupu yenye ncha, ambako gia ya chini inafanya kazi yake halali ya kumtembeza dereva kwa mwendo wa mtu mzima. Pasipo pahala pake ni ufukweni. Naujua mvuto wa maji ya kupwa pale Paje na Bwejuu, mchanga umelala mweupe mpaka kwenye mwamba, na mgeni wa gari la kukodi anaona barabara aliyojengewa na Mungu. Pale kuna kamba na vigingi vya wanawake wa mwani, na kuna maji ya chumvi yanayosubiri, na bahari hurudi kwa saa yake bila kujali kwamba gari ni la kukodi.

Chumvi ndiyo muuaji wa pili, na huyu hana haraka. Transfa ina tundu dogo la kupumulia, kwa kuwa ikifanya kazi inapata moto na hewa ya ndani inatanuka. Sasa chukua boksi lililopata moto ulitumbukize ghafla kwenye maji baridi: hewa inanywea, na boksi linavuta kilichoko jirani. Kilichoko jirani ni maji. Yanapita kwenye tundu la kupumulia, au kwenye sili zilizochoka, na hakuna taa itakayowaka kumwambia dereva. Si lazima hata aende baharini; anayekumbuka Mwanakwerekwe ya masika ya miaka ya nyuma, barabara ilipokuwa ziwa, anajua kwamba maji yalikuwa yakimfuata mtu mjini kwake. Miezi ikipita, fundi akifungua nati ya chini inatoka oili ya rangi ya chai ya maziwa, na beringi zimeshaliwa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwenye gari naye akisifiwa kwamba gari lake halizuiliki hutia maji transfa, na tofauti ni kwamba mgema alipata faida.

Na hapa lazima nijibu pingamizi la kwanza, kwa sababu nalisikia likija kutoka Jaws Corner, ambako kahawa ni chungu na kila mtu ni fundi mstaafu. Watasema: transfa nyingi hazifi kwa uvivu wala kwa chumvi, zinakufa kwa uzee, mbona zinabadilishwa kila siku? Nami nakubali kwamba zinabadilishwa kila siku. Nisichokubali ni kwamba zote zilikuwa zimekufa. Transfa ya Samurai imeshikiliwa na raba tatu. Raba hizo zikipasuka, na katika joto letu zinapasuka, boksi linajipinda kila dereva akikanyaga mafuta, shafti fupi inakwenda upande, na gari zima linatetemeka kwa namna ambayo baraza lote litaafikiana kwa sauti moja: transfa imekwisha. Mtu anauza mbuzi wawili, ananunua transfa nyingine, anafungiwa juu ya raba zilezile, na mtetemo unarudi nyumbani ukiwa na afya njema. Chukua pia Jimny ya kizazi kile kilichotoka mwaka 1998 na kuuzwa mpaka 2018. Magurudumu yake ya mbele hushikana na shafti kwa nguvu ya mvuto wa hewa unaopita kwenye mipira myembamba. Mpira mmoja ukichanika, transfa inaitika kama kawaida ila magurudumu ya mbele hayavuti. Bei ya kipande cha mpira na bei ya transfa haziwezi kukaa kwenye karatasi moja, lakini transfa ndiyo yenye jina, na mwenye jina ndiye anayeshitakiwa. Kros zilizolegea za propela, yaani zile shafti ndefu za mbele na nyuma, nazo zimesababisha maboksi mengi yasiyo na hatia kung'olewa, na hiyo habari tuiache, ni ndefu na inatia hasira.

Tuseme basi ukweli umethibitika. Oili imetoka na vipande vya chuma, gia ya juu inaruka, cheni inagonga ndani ya kasha. Transfa imekufa kweli. Itatafutwa wapi? Zipo njia zinazojulikana. Maduka ya mjini kwetu yanatazamwa kwanza. Kisha inapigwa simu Dar es Salaam, Kariakoo au Ilala, boksi linapakiwa linakuja kwa bahari, linatoka gati ya Malindi ya kule na kushuka Malindi ya huku, jambo linalomfanya muuzaji wa kule na mnunuzi wa huku waambizane kwa dakika kumi kwamba mzigo uko Malindi, na wote wawili wanasema kweli. Au inaombwa kwa ami anayekwenda Dubai kuchukua mzigo, maana Sharjah kuna mitaa mizima ya magari yaliyochinjwa. Mtumba hauna ubaya. Boksi lililotoka kwenye gari la Japani lililoendeshwa na mzee wa Jumapili linaweza kuwa na afya kuliko jipya la bandia lililopakwa rangi ya fedha. Ila la Ghuba lina jambo lake: magari ya kule yana usukani kushoto, kwa hiyo mikono ya transfa na waya zake zaweza kukaa upande usio wetu. Ami amechukua uzito wote ule akauvusha forodhani, hukumwambia usukani, na sasa huwezi kumlaumu kwa kuwa yeye ni mkubwa kwako.

Kwenye duka, muuzaji anamwambia mteja maneno mawili: inaingia, sheikh. Na kwa kweli inaingia. Tatizo ni kwamba karibu kila transfa ya ukoo mmoja inaingia, na zilizomo ndani zinatofautiana. SJ410, yenye injini ya cc 970, ina transfa ambayo katika gia ya juu injini inazunguka mara 1.58 ili shafti izunguke mara moja. Samurai, yenye injini kubwa zaidi, ya lita 1.3, yake ni 1.409. Watazame wamelala kwenye sakafu ya duka wamejaa vumbi: ndugu wa baba mmoja. Mfungie mwenye Samurai ile ya SJ410, na kwa mwendo uleule injini yake itazunguka zaidi kwa asilimia 12. Atakwenda Mahonda akipiga kelele ya kwenda Moshi, na pampu ya mafuta itamkumbuka. Fanya kinyume chake, na ile SJ410 ya cc 970 itakuwa inaomba gia ya pili kila ikiona daraja.

Bahati nzuri hili linapimwa kwa chaki, tena bila ya kulipa. Transfa ikiwa kwenye gia ya juu, tia alama kwenye flenji ya kuingilia na kwenye flenji ya nyuma ya kutokea. Zungusha ya kuingilia mara 14. Kama ni ya Samurai, ya kutokea itazunguka mara 10 na alama itarudi karibu kabisa na pale ilipoanzia. Kama ni ya SJ410, itakuwa haijafika hata 9. Muuzaji atakutazama vibaya, na mteja mwingine atauliza kama unafunga saa. Wewe hesabu kwa sauti, ili na yeye ajifunze. Kwa transfa yenye difu la kati, funga kwanza difu hilo, la sivyo flenji moja itazunguka na nyingine itakaa ikikucheka. Na ukimaliza kuhesabu, ingiza kidole kwenye tundu la oili. Kidole kikitoka kikavu chenye kutu, hesabu yako nzuri yote haikusaidii. Rudisha boksi sakafuni, mshukuru, toka.

Sasa pingamizi ambalo nalihofia zaidi, kwa sababu linaletwa na watu wenye akili. Wanasema: kama nabadilisha, kwa nini nirudie ileile? Si ndiyo nafasi ya kutia bora zaidi? Mfano wao mzuri kabisa uko kwa Land Rover. Transfa yao ya LT230 ilianza mwaka 1983 na ikabaki katika Defender mpaka ilipoacha kutengenezwa mwaka 2016. Ya Defender katika gia ya juu ni 1.410, ya Discovery ni 1.222, na kasha kwa nje ni pacha. Ukiifunga ya Discovery kwenye Defender, injini inapungua mzunguko kwa asilimia 13 hivi, gari linakuwa la kimya zaidi na linakunywa kwa heshima barabara ikiwa ndefu na nyeupe. Uingereza watu wanafanya hivi makusudi, na wanafanya vyema, kwa sababu wana barabara ambazo mtu anakwenda saa mbili bila kuinua mguu. Sisi tuna Amani. Tuna tuta mbele ya skuli, tuta mbele ya msikiti, na tuta ambalo hakuna anayejua liko mbele ya nini. Faida ya boksi la Discovery inaanza pale ambapo barabara zetu zinaishia. Hasara yake, ambayo ni uzito wa kuondoka kila baada ya kusimama, tunailipa kila mita mia tatu. Na yule anayedhani kaongeza nguvu ya matopeni ajue kwamba gia ya chini ya hizo mbili ni moja, 3.32 kwa zote, kwa hiyo pale Cheju hakuna kilichobadilika ila fedha ya mfukoni.

Wapo pia wanaotaka boksi kubwa kutoka gari kubwa, kwa hoja kwamba chuma kinene hakivunjiki. Chuma kinene ni kweli hakivunjiki. Kinachovunjika ni kinachofuata. Ukiiondoa sehemu dhaifu katika mtambo, udhaifu unahama unakwenda kwenye shafti, na ukiimarisha shafti unakwenda kwenye difu, na huko kunafuata magurudumu. Waliounda gari walikaa wakapiga hesabu ya msururu mzima. Fundi aliyepunguza kwa gesi mkono mmoja wa chesisi ili boksi kubwa lipate nafasi amepiga hesabu ya siku ile tu. Nakiri kwamba wako watu, Kenya hasa na kwingineko kwenye mashindano ya magari, wanaobadilisha mitambo namna hii na kufanikiwa. Hao wanabadilisha gari zima kutoka kioo mpaka tairi, wana karakana, na gari likivunjika wanapigiwa makofi. Likivunjika Bumbwini saa mbili usiku hupigiwi na mtu.

Pingamizi la mwisho ni la kibahili, na nalipenda kuliko yote. Kisiwa tambarare, lami kila pahala, transfa ya nini? Toa propela ya mbele, endesha magurudumu mawili, maisha yaendelee. Kwa Samurai na Escudo ya zamani jambo hili linawezekana, na wako wanaoishi hivyo kwa amani. Hata hivyo transfa bado inahitajika, kwa kuwa nguvu ya magurudumu ya nyuma nayo inapita humo humo. Kilichopunguzwa ni kazi moja ya boksi, na boksi lenyewe limebaki na gharama zake. Kwa Land Rover yenye LT230 mkato huu ni kichekesho kamili. Pale katikati kuna difu, na tabia ya difu ni kuipeleka nguvu kule kusiko na upinzani. Umetoa propela ya mbele, basi upinzani wa mbele haupo: dereva atawasha, atatia gia, ataachia klachi, injini itanguruma, flenji ya mbele itazunguka hewani kwa furaha, na gari litabaki pale pale. Lazima difu lifungwe, kwa ule mkono ambao tumeshaona kwamba haujaguswa tangu harusi ya kwanza.

Kuhusu kufunga, mambo ni machache ila yana wivu. La kwanza ni breki ya mkono. Katika Defender na katika SJ410, breki hiyo haiko kwenye magurudumu. Iko nyuma ya transfa yenyewe. Maana yake, ukifungua propela ya nyuma, umevuta breki ya mkono mpaka mwisho na haishiki kitu chochote duniani. Watu wanasahau hili kwa sababu mkono umesimama juu unaonekana mtiifu. Sakafu za gereji zetu zina mteremko mdogo wa kutoa maji ya mvua, na mteremko huo unatosha. Wekeni mawe mbele na nyuma ya magurudumu kabla mtu hajaingia chini. Hapo sifanyi mzaha. La pili ni nati za oili. Fungueni ya juu, ya kujazia, kabla ya kufungua ya chini, ya kumwagia. Atakayemwaga kwanza kisha akakuta ya juu imeshikwa na kutu na kichwa chake kimevimbishwa na spana za zamani, amejipatia gari lisiloweza kwenda wala kurudi. La tatu, sili: boksi likiwa mezani sili mpya hutiwa kwa dakika chache, likiwa chini ya gari ni kazi ya siku. Anayebania sili wakati huo simwelewi, maana oili yenyewe ya transfa ya Samurai ni lita 0.8, haifiki hata chupa moja kubwa ya maji ya kunywa. La nne, lile tundu la kupumulia litiwe mpira mrefu upandishwe juu mpaka kwenye injini, na nusu ya ugomvi na masika umekwisha.

Kwa mwenye LT230 nina nyongeza moja. Gia ya kuingilia ya maboksi ya zamani haikuwa na tundu la kupitishia oili kwenye meno yake ya ndani, na meno hayo yanasagana makavu na shafti ya giaboksi mpaka yanakuwa makali. Ya baadaye yana tundu. Boksi likiwa sakafuni, chukua tochi utazame. Na shafti ya giaboksi nayo itazamwe siku hiyo hiyo, kwa sababu kutia gia mpya juu ya shafti iliyoliwa ni kumwoza binti yako kwa mtu ambaye mke wa kwanza alishakueleza habari zake.

Utauliza mafundi wako wapi katika maelezo haya. Wapo, na nawatetea. Fundi wa Amani au Mwanakwerekwe anasikia kwa kiganja kilichowekwa juu ya kasha ugonjwa ambao kompyuta haiujui. Lakini fundi hupewa boksi mkononi, limeshanunuliwa, na mwenye gari amesimama juu yake akiuliza litamalizika kabla ya Magharibi. Hakuna aliyemuuliza kabla ya kununua. Ukimpelekea boksi la zamani kwanza, akalifungua, akaandika namba iliyogongwa kwenye kasha na idadi ya mizunguko, ukaenda dukani na karatasi hiyo, basi likija jingine kosa litakuwa la muuzaji na litarudishwa kwa muuzaji. Ukimletea kitu ulichookota kwa bei nzuri, atakifunga, kwa sababu yeye ni fundi na wewe ni mteja na watoto wanataka kula.

Nina ombi kwa wenye maduka ya spea wa Unguja, na naliomba kwa heshima. Boksi likishuka kwenye gari la mzigo, kabla halijasukumwa pembeni na kuwekewa matairi juu, lizungusheni, mhesabu, muandike juu yake kwa chaki: 14 kwa 10, au 16 kwa 10, na usukani wa gari lililotoka ulikuwa upande gani. Chaki ni bei ya kashata, na wateja wenu watapungua kelele kwa asilimia kubwa kuliko injini yoyote ya Defender.